Juzuu ya Tatu

Hakuwa na babu wa kumsingizia pua yake. Hakuwa na bibi, wala picha ya bibi, wala kisa cha jinsi bibi alivyomkataa mwanamume mmoja akamkubali mwingine. Hakuwa na shangazi wa kumsengenya, wala binamu wa kugombana naye kwenye harusi na kupatana naye kwenye msiba. Hakuwa na kaburi la kupalilia. Hakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kumwambia, "Wewe, usiniletee jeuri, mimi nimekuogesha." Alifikishwa kwenye nyumba ya kulelea watoto akiwa mchanga, amevishwa blauzi ya msichana, kwa hiyo hata nguo aliyokuja nayo haikuwa yake. Mtu asiye na mbele anaweza kujitengenezea. Asiye na nyuma ataitoa duka gani?

Alichokuwa nacho ni kazi, na kazi yake aliijua. Alikuwa fundi wa kukarabati vitabu katika maktaba ya umma, kwenye chumba cha chini chenye dirisha moja lililolingana na miguu ya wapita njia. Watu walimwita Gundi, kwa sababu hata siku ya kuvaa suti kucha zake hazikukosa gundi iliyokauka. Alikuwa na meza ndefu, sindano nene, uzi uliopakwa nta, kisu cha kukatia, na kibanio cha chuma chenye skrubu kubwa, ambamo kitabu kikishatiwa gundi hubanwa mpaka kikauke.

Kazi hiyo ilimfundisha tabia za wasomaji. Kitabu cha sheria hurudi kisafi kama kilivyoondoka. Kitabu cha mapishi hurudi na mafuta. Lakini riwaya za koo, zile nene za mapenzi na mirathi, ambamo mtu anachumbiwa mwanzoni na mwishoni wanaolewa vitukuu vyake, hizo hurudi migongo imevunjika, kurasa zimevimba kwa chai na machozi. Gundi alizishona zote, na zote alizisoma. Wenzake walidhani anapenda mambo ya mapenzi. Hapana. Alichopenda ni kwamba katika vitabu hivyo, mtoto akizaliwa, kabla hata hajanyonya, watu wameshaanza kubishana ile pua ni ya nani. Na mtu hapotei. Mlevi wa familia, mtoro wa familia, hata yule aliyeuza shamba kwa siri, wote watafukuzwa na kulaaniwa, lakini ukisonga mbele kurasa mia utamkuta mtu mezani anauliza, "Hivi yule yuko wapi siku hizi?"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo juu ya Gundi.

Basi maktaba ikapata gari dogo la kupeleka vitabu mashuleni, na Gundi akaambiwa ajifunze udereva. Mkufunzi wake alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu.

"Gundi, washa taa ya kona."

"Nimewasha."

"Hiyo ni waipa. Unafuta mvua ambayo haijanyesha."

Mtihani wa kwanza alianguka kwa woga. Wa pili akaanguka kwa woga. Wa tatu akaanguka kwa makusudi, ili masomo yasiishe, na Mwalimu alilijua hilo akacheka peke yake kutwa nzima. Mambo yao yakaanzia hapo. Gundi alikuwa amemwambia tu kwamba wazazi wake walifariki zamani, na Mwalimu, kwa adabu, hakuchimba zaidi.

"Nyumbani wanataka kukuona," alimwambia siku moja. "Jumapili, chakula cha mchana. Nakutahadharisha lakini. Mama alikuwa opereta wa mtambo wa simu mpaka anastaafu. Uongo anausikia kwenye pumzi. Usimwongopee hata kidogo."

Gundi alikwenda akiwa ameshakata shauri la kusema ukweli: sina watu, nililelewa kituoni, basi. Alirudia maneno hayo njia nzima. Lakini alipoingia sebuleni akakutana na ukuta.

Ukuta mzima ulikuwa picha. Babu wa kuumeni, bibi wa kukeni, mjomba aliyekuwa fundi wa reli, shangazi aliyekimbia na mpiga tarumbeta akarudi na mapacha. Mama Mkwe mtarajiwa, mama mwembamba aliyeinamisha kichwa upande mmoja kama bado ana kile kipokea sauti sikioni, alimtambulisha kwa kila mmoja kana kwamba wako hai na wamekuja kula. Mwishoni akamwonyesha msumari mtupu.

"Hapa ni penu," akasema. "Msumari nimeshapigilia."

Gundi akaufikiria upande wake wa hiyo picha ya harusi: yeye amesimama, na nyuma yake hakuna kitu.

Wakaketi. Mama akapakua, akafunika, akauliza kwa upole, "Haya, mwanangu. Watu wako ni akina nani?"

Na hapo, kabla hajajua anafanya nini, mdomo ulifunguka wenyewe.

"Babu yangu alikuwa mchoma matofali."

Huyo hakuwa babu yake. Alikuwa babu wa riwaya iitwayo *Ukoo wa Tanuri*, juzuu ya tatu, ambayo dakika ile ile ilikuwa imebanwa kwenye kibanio chake kule maktaba. Lakini gari lilishaanza kuteremka na Gundi, kama kawaida yake, hakukumbuka breki iko wapi. Alieleza jinsi ndugu wawili wenye tanuri moja walivyompenda msichana mmoja. Mkubwa akamwoa. Mdogo akahamia ng'ambo ya mto, akajenga tanuri lake likitazamana na la kaka yake, na kila jioni moshi wa huku na moshi wa kule ulikutana juu ya maji, kwa kuwa wenyewe hawakuruhusiwa kukutana. Mwalimu aliacha kula. Gundi akaeleza jinsi mto ulivyofurika kaka mkubwa akiwa safarini, maji yakaingia ndani, bibi akabaki peke yake na watoto.

Akafika ukingoni. Kitabu kile kililetwa kwake kikiwa kimenyofoka fungu zima la kurasa, tangu maji yanaingia mlangoni hadi asubuhi ya pili yake. Gundi hakuwahi kujua kilichotokea katikati. Naye alikuwa amekodolewa macho, vijiko viko hewani.

Akaruka.

"Bibi akawapandisha watoto juu ya paa. Giza, hawaonani. Basi akawa anawaita kwa majina, mmoja mmoja, kila mmoja aitike. Akimaliza anaanza upya. Wa mwisho hakuitika. Lakini bibi hakumruka. Kila akifika kwenye jina lake analiita, ananyamaza kidogo, ndipo anarudi kwa wa kwanza. Hivyo hivyo mpaka kulipokucha."

"Na yule wa mwisho?" Mwalimu akauliza, machozi yamemlenga.

"Alionekana asubuhi, paa la jirani. Alikuwa anaitika muda wote. Sauti ndiyo ilimkauka."

Mama alikuwa amezidi kuinamisha kichwa.

"Hapo kwenye paa," akasema. "Rudia."

Gundi akarudia. Mama akashusha pumzi, akakunja kitambaa chake.

"Vyema. Nitamwandikia shemeji yangu."

Shemeji huyo ndiye Baba Mkubwa, kaka wa marehemu mumewe na msemaji wa familia yao, aliyeishi mji mwingine. Mambo ya ndoa hakuyazungumza kwa simu. Alitaka barua, aisome, ailalie, halafu aje mwenyewe.

"Atakuja mwezi ujao," Mama akasema. "Waambie wajomba zako wajiandae."

Ndipo Gundi alipokumbuka kwamba, katika ile pupa ya kusimulia, alikuwa amewaacha wajomba wawili hai.

Tangu siku hiyo hakujua usingizi ni nini. Wiki haijaisha, Mkutubi akateremka ngazi. Mkutubi alikuwa mama mwenye sauti kubwa kuliko muuza magazeti, na hakuna aliyejua alivyopata kazi ya mahali panapotaka ukimya.

"Gundi! *Ukoo wa Tanuri*, juzuu ya tatu, iko wapi? Kuna mama ameimaliza ya kwanza, ameimaliza ya pili, sasa anataka ya tatu. Mwembamba hivi. Anainamisha kichwa kama anasikiliza simu."

Gundi akakiegemea kibanio. "Haijakauka, Bosi."

Wiki iliyofuata: "Gundi, yule mama amekuja tena."

"Bado haijakauka."

"Haijakauka? Uliitia gundi au uliitia mafuriko?"

Alicheka kwa kuwa Mkutubi alikuwa anacheka. Akaanza kuviogopa viatu. Kutwa nzima viatu vilipita dirishani kwake, na hakuwahi kuvijali. Sasa alikijua kiatu cheusi cha Mama, chenye ukanda na kisigino kifupi, alikijua kikiwa mbali. Kilipita asubuhi, kikarudi. Siku nyingine kilisimama palepale dirishani, ncha zikimwelekea, naye Gundi akajibanza ukutani kama mwizi katika chumba chake mwenyewe, akasubiri mpaka kikaondoka.

Na nyumbani kwa akina Mwalimu mambo yalisonga. "Wajomba zako wanapenda godoro gumu au laini?" Mwalimu alimuuliza wakiwa barabarani, na Gundi akaparamia ukingo wa njia.

Siku moja alishika kisu. Kitabu kikiharibikia mikononi mwa fundi wa vitabu, nani atauliza? Angekata uzi, angezitawanya kurasa kwenye mapipa tofauti, angeandika kwamba kimeliwa na nondo. Aliifungua skrubu nusu. Halafu akaikumbuka ile familia iliyokuwa ndani, akaikaza tena skrubu, akasema atafanya kesho. Kila siku alisema kesho.

Mchana mmoja viatu havikupita dirishani. Vilisikika kwenye ngazi.

"Hodi."

Gundi akawahi kutupa kitambaa juu ya kibanio. Mama akaingia, akatafuta kiti, akaketi mkoba magotini. Gundi alikuwa amejiandaa kwa mama mwenye hasira. Aliyeingia alionekana amepungua, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto.

"Nimekuja peke yangu, mwanangu. Binti yangu hajui, na naomba asijue."

"Karibu, Mama."

"Unajua kazi ya mtambo ilivyo? Kutwa nzima unasikia maisha ya watu vipandevipande. Mtu anasema, 'Baba, nimeamua,' halafu ndiyo umeshaunganisha, unatakiwa utoke. Kaamua nini? Hutajua mpaka unakufa. Ndiyo maana mimi nilizipenda riwaya za koo. Humo hakuna simu inayokatika. Anayeamua utamwona mpaka wajukuu wake." Akausogeza mkoba. "Uliposimulia habari za watu wako, nilisema moyoni, hawa nawajua. Hawa niliwasoma ujanani. Nikaja hapa kutafuta vitabu vyao. Ndugu wawili wamo. Tanuri limo. Imebaki hiyo ya tatu, nayo haikauki."

Gundi alitazama sakafu.

"Lakini lile paa," Mama akaendelea, na sauti ikaanza kumtetemeka, "lile paa silikumbuki. Kitabu kile nilikisoma na kukirudia. Ningesahauje mama anayewaita wanawe gizani? Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama bibi yako ni bibi yako kweli, na mimi nimemchanganya na watu wa vitabuni. Ama paa limo kitabuni, na kichwa changu kimelimwaga. Yote mawili ni ugonjwa uleule. Mama yangu ulimwanza hivyohivyo. Alianza kunisimulia habari za jirani, kumbe ni mchezo wa redio. Alimaliza hanijui."

Akafungua mkoba, akaufunga.

"Silali. Nafungua kabati nasahau ninachotafuta, nasema ndiyo hii, imefika. Binti yangu naye nitamsahau. Sasa wewe niambie tu, mwanangu, nijue nimesimama wapi. Yule wa kwenye paa ni bibi yako?"

Kati yao palikuwa na kile kitambaa, na chini ya kitambaa kile kibanio.

Neno moja lilitosha. *Ndiyo*. Angeitamka, na hofu yote aliyoibeba ingeondoka kwake ikahamia kwa mama huyu, imkae kifuani maisha yake yote yaliyobaki, na yeye angeoa. Hata akija kukisoma kitabu siku moja, hataamini macho yake. Atasema ni ugonjwa. Gundi aliiona njia hiyo wazi kabisa, nyeupe, haina kona hata moja, na hakuna kitu kilichowahi kumtisha kama kuiona.

Akauvuta mkono kutoka mapajani. Akatoa kitambaa. Skrubu ilikuwa imekaza kwa kukaa muda mrefu. Ilipozunguka ilipiga kelele kama mlango wa chuma. Akakitoa kitabu, kikavu kabisa, akamwekea juu ya mkoba.

"Kichwa chako hakina kosa, Mama. Mwenye kosa ni mimi. Hao ni watu wa humu. Mimi sina babu, sina bibi, sina wajomba. Paa hulikumbuki kwa sababu halimo. Kurasa hizo zimenyofoka. Nilipofika kwenye pengo nikalitia mwenyewe."

Mama alikifungua kitabu palepale kwenye pengo, akapitisha kidole mahali kurasa zilipokuwa zimeng'oka. Kwanza akacheka, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. Kisha akalia. Kisha akakinyanyua kitabu kwa mikono miwili akampiga nacho Gundi begani, kwa nguvu ambayo mwili wake haukuionyesha.

"Mwanaharamu wewe! Mwezi mzima umenizika mzima mzima!"

"Nisamehe, Mama."

"Nyamaza!" Akapangusa macho. Akakaa akihema, na polepole uso wake ukafunguka, kama mtu anayeona taa ikiwaka nyumba ya mbali. "Anazimia," akasema. "Ndiyo. Sasa inanijia. Maji yakiingia, yule bibi anazimia, na yule shemeji mtu anakuja na boti anambeba. Kurasa zote hizo amezimia tu! Watoto hata hawatajwi. Nilimchukia hapo." Akamkazia macho. "Hilo paa ulilitoa wapi?"

Gundi hakuwahi kumwambia mtu. "Kituoni kwetu umeme ulikuwa unakatika. Mlezi wetu alisimama mlangoni pa chumba cha kulala, gizani, akatuita majina mpaka wote tuitike. Kulikuwa na mwenzetu alitoroka. Alikuwa anamwita na yeye. Anamwita, ananyamaza, anaendelea. Mpaka naondoka pale alikuwa bado anamwita."

Mama akainamisha kichwa. Alisikiliza hata baada ya maneno kwisha.

"Hapo pumzi yako ni sawa," akasema. Akasimama, kitabu kwapani. "Barua yangu ya matofali Baba Mkubwa ameshaipata. Utamwandikia ya kwako, kwa mkono wako. Atakachosema ndicho hicho. Sitakuombea."

"Na Mwalimu?"

"Huyo utamwambia mwenyewe. Mimi opereta. Naunganisha tu."

Gundi alimwambia jioni ileile, mwenyewe akiwa kwenye usukani. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, macho mbele.

"Simama."

Gundi akawasha taa ya kona, taa yenyewe, akasimama.

"Mimi nilimlilia yule bibi."

"Najua."

"Nimelilia karatasi, Gundi. Wajomba zako nimewapangia pa kulala! Nimenunua mashuka!" Akapiga kiganja kwenye dashibodi. "Ungeniambia huna mtu, ningekukimbia? Mimi ndiye ningekukimbia?"

"Niliogopa ukuta wenu."

"Shuka."

Akashuka. Mwalimu akahamia kwenye usukani, gari likaondoka, likafika kona, likasimama. Kisha likarudi kinyumenyume hadi aliposimama, na kioo kikateremka.

"Sijakusamehe," Mwalimu akasema. "Ingia. Somo lako halijaisha."

Barua ilimshinda kutwa ya kesho yake. Kila mwanzo aliouandika ulikuwa na harufu ya kitabu. Kila sentensi ilitaka kumpa huruma asiyoistahili. Akachana, akaanza tena. Mwishowe akaandika kama mtu anayejibu maswali ya polisi:

*Baba Mkubwa, shikamoo. Habari ulizoandikiwa kuhusu ukoo wangu nilizitoa kwenye riwaya. Shemeji yako hakukudanganya, nilimdanganya yeye. Mimi nililelewa kituoni na sina wazee wa kukaa nanyi. Ukikubali kuja, utanikuta mimi, na Mkutubi wetu, ambaye ana sauti kubwa. Yuko pia mlezi aliyenilea; kama yu hai nitamtafuta. Nampenda binti yenu. Ukikataa, nitaelewa, na nyumbani kwenu sitaonekana.*

Akaikunja. Akaitia kwenye bahasha. Hakuilamba, alichukua brashi, akaipaka gundi ya kazi, ile ambayo haifunguki mpaka karatasi ichanike, akaibana kwenye kibanio na kukaza skrubu. Alipoitoa ilikuwa bapa na ngumu kama jalada.

Nje, mbele ya sanduku la posta, Mwalimu alikuwa amekaa garini, injini inanguruma. Hakushuka.

"Ukiitumbukiza hairudi," akasema kupitia dirishani.

"Najua."

Gundi akaipenyeza kwenye mdomo wa sanduku, nusu ndani, nusu nje. Gundi mbichi iliyobaki vidoleni ilikuwa imeng'ang'ania karatasi, kwa hiyo hata alipotaka kuiachia haikuachia, na kwa kitambo kile aliwaza ukuta, msumari, na mzee asiyemjua akisoma polepole chini ya taa yake. Akavuta vidole kimoja kimoja. Barua ikaanguka, akaisikia ikigonga chini.